Nalipia Mbps 20, usiku napata 3

Kwa safu ya ushauri,

Salaam aleikum. Naishi Bamburi, Mombasa, ghorofa ya nne katika jengo lenye nyumba 24. Kampuni ya intaneti humu ndani ni moja tu. Mwenye nyumba alishatangaza kwamba hataki mafundi wengine waje kumtobolea kuta. Kila mwezi nalipa shilingi 3,000 kwa Paybill, kabla ya huduma, kwa kifurushi kilichotangazwa kuwa ni cha faiba, "kasi hadi Mbps 20".

Asubuhi na mchana sina neno. Nikipima kwa simu naona 17, 18, siku nyingine 19. Ikifika saa 1 usiku mambo hugeuka: 4, 3, hata 2, na hubaki hivyo mpaka saa 5. Saa hizo ndizo ninazofundisha Kiswahili kwa video, na ndizo mume wangu aliye Muscat hupata nafasi ya kuzungumza na watoto. Picha hukwama, sauti hukatika, mwisho tunaishia kutumiana sauti za kurekodi. Nikipiga simu huduma kwa wateja, jibu halibadiliki: "Zima ruta, subiri dakika 2, uwashe."

Mwezi wa Machi huduma ilikatika kabisa kwa siku 6. Fundi alifika siku ya tano, akafungua kijisanduku kilichoko ngazini ambako nyaya za nyumba zote zinatokea, akasema kuna kifaa kimeungua, akataka shilingi 1,500 nimtumie kwenye nambari yake ya simu. Nikatuma. Huduma ikarudi kesho yake. Siku zile 6 hakuna aliyenirudishia, kifurushi kiliisha tarehe ile ile ya kawaida. Na wiki mbili zilizopita nililipa 3,000 zangu asubuhi, jioni nikaletewa ujumbe kwamba bei sasa ni 3,500 kwa kasi ile ile, na nisipoongeza 500 nitapunguziwa kasi.

Naomba mnisaidie. Tatizo liko kwangu au kwao? Siku zangu na pesa zangu nazidai vipi? Na nikitaka kuhama, nahamia wapi wakati jengo lina kampuni moja?

Mwalimu wa jioni, Bamburi

*

Dada yetu mwalimu,

Waleikum salaam. Umetuandikia saa, na hilo limetusaidia kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Waya uliokatika au kichwa kilicholegea hausubiri saa 1 usiku ndipo usumbue. Huduma inayokwenda vizuri mchana, ikaanguka kila usiku kwa saa zile zile, kisha ikafufuka watu wakilala, ina msongamano. Mahali fulani njiani watu wengi wanapitishwa kwenye tundu dogo. Kampuni itaendelea kukwambia uzime ruta hadi siku utakayoonyesha kwamba ruta yako haihusiki, na tundu lenyewe liko wapi.

Anza na kile kijisanduku cha ngazini. Faiba inayofika nyumbani kwa mteja ni uzi mwembamba wa kioo. Huishia kwenye kichwa kidogo, mara nyingi cha kijani, kinachoingia kwenye kifaa chenye taa zilizoandikwa PON na LOS. Hebu utazame waya unaoingia kwako. Ukiwa mnene kama wa kompyuta, una kichwa cha plastiki angavu chenye pini 8, na ubavuni umechapwa CAT5e au CAT6, basi faiba yako imeishia jengoni, kama ilifika kabisa. Kutoka ngazini hadi kwako ni shaba. Peke yake hilo si ubaya, kwa sababu waya wa namna hiyo hubeba Mbps 100 bila taabu, na hata 1,000, ilimradi usizidi mita 100. Ubaya huwa kwenye njia inayolisha swichi ya mtandao, yaani kile kifaa cha kisandukuni kinachogawa intaneti kwa nyumba zote.

Fanya hesabu hii. Tuseme jengo zima linalishwa na njia moja ya Mbps 100. Nyumba 24 zikitumia kwa pamoja, kila moja inapata Mbps 4.2. Itazame tena ile 4, 3 na 2 uliyotuandikia. Hatudai kwamba ndivyo ilivyo kwenu, maana hilo linathibitishwa kwa kupima, lakini namba zako zinakaribiana mno na hesabu hiyo kiasi cha kutofaa kuipuuza.

Faiba kamili iko mbali na hapo. Mfumo ambao kampuni nyingi hutumia kwa majumbani unaitwa GPON. Uzi mmoja kutoka kituoni hubeba Gbps 2.488, yaani Mbps 2,488, kisha hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Hata nyumba 64 zikivuta zote kwa mpigo mmoja, kila moja inabaki na karibu Mbps 39. Kwa hiyo mteja wa Mbps 20 aliye kwenye GPON akishuka hadi 3 kila usiku, uzi wenyewe si wa kulaumiwa. Nyuma ya uzi huo kampuni imeuza zaidi ya uwezo ilionao.

Kuna na majengo ambayo hayana faiba hata kidogo. Mwombe keateka akufungulie paa, utazame kama kuna kisahani au kisanduku cheupe cha redio kinachoelekezwa jengo jingine au mnara. Kikiwepo, intaneti yenu inakuja kwa mawimbi, na tangazo la "faiba" lilikuwa na tatizo tangu mwanzo. Piga picha kisahani, kijisanduku cha ngazini kwa nje, na maandishi ya ubavuni mwa waya wako. Usifungue wala kuchomoa chochote, wasije wakapata la kukusingizia.

Sasa neno "hadi". Kila kampuni ya intaneti ya nyumbani huuza kasi nyingi kuliko iliyo nayo, kwa kuwa wateja hawatumii wote kwa dakika moja. Bila hivyo Mbps 20 isingeuzwa shilingi 3,000. Hilo tunalikubali. Tusilolikubali ni kuuza neno "hadi" bila kumwambia mteja ni watu wangapi wanaogawana njia ile, na usiku, saa ambazo watu wengi ndipo wanapohitaji intaneti, atarajie nini. Mteja anayeipata kasi aliyolipia akiwa kazini, akaikosa akiwa nyumbani, amedanganywa, hata kama neno "hadi" lilichapwa kwa herufi kubwa.

Tuje kwenye vipimo. Ulipima kwa simu, kwa waifai. Kipimo hicho kampuni itakikataa, na kwa kusema kweli ina sababu. Usiku majirani zako 23 nao wamewasha waifai zao. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Nyumba 24 zikigombania chaneli 3, waifai inaweza kuzorota usiku hata kama waya unaoingia kwako una kasi kamili. Dalili ni ile ile na saa ni zile zile, ila chanzo ni kingine kabisa. Ndiyo sababu lazima upime kwa waya.

Chukua kompyuta na waya mfupi wa mtandao, uchomeke kwenye moja ya matundu ya ruta yaliyoandikwa LAN. Zima waifai ya kompyuta. Simu zote, televisheni na kamera za ulinzi zitoe kwenye mtandao kwa dakika hizo 5. Wengi hupuuza hili la mwisho, kumbe simu moja inayopandisha picha za siku nzima usiku inaweza kuijaza njia ya kupandishia, na njia hiyo ikijaa, hata kushusha hukwama. Kisha pima mara 3 kwa siku, saa 3 asubuhi, saa 9 mchana na saa 3 usiku, kwa siku 7 mfululizo. Kila mara andika tarehe, saa, kasi ya kushusha, kasi ya kupandisha, na muda wa kujibu kwa milisekunde. Hifadhi picha ya skrini.

Chagua mwenyewe seva, yaani kompyuta ya mbali inayojibu kipimo chako, programu ya kupimia isikuchagulie. Baadhi ya kampuni huweka seva ya kupimia ndani ya mtandao wao, na ukiipima hiyo unapima barabara ya kutoka kwako hadi mlangoni pao, mbali na intaneti unayoitumia. Chagua moja ya kampuni nyingine iliyoko Mombasa au Nairobi, na moja ya nje ya nchi, na seva hizo hizo mbili uzitumie wiki nzima. Na usichanganye biti na baiti. Mbps 20 ni megabiti. Faili likishuka kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde, hiyo ndiyo Mbps 20 kamili, kwa kuwa baiti 1 ni biti 8. Malalamiko mengi hutupwa kwa kosa hili moja.

Baada ya kasi, pima njia. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, uandike ping -n 100 192.168.1.1. Amri hiyo hutuma vipande vidogo 100 vya data, viitwavyo pakiti, na kupima kila kimoja kinajibiwa baada ya muda gani. Kama anwani ya ruta yako ni nyingine, iko kwenye kibandiko chini yake. Kwa waya, majibu yawe milisekunde 1 au 2 na yasipotee hata moja. Hapo umeshathibitisha kwamba ndani mwako ni salama. Halafu andika tracert -d 8.8.8.8. Utaona orodha ya vituo ambavyo data yako hupitia. Cha kwanza ni ruta yako, cha pili kwa kawaida ndicho cha kwanza cha kampuni. Kiandike anwani yake, ukipimie ping 100 mchana na ping 100 usiku. Vituo vingine havijibu ping kwa makusudi. Ukikuta hivyo, pima kinachofuata.

Kusoma majibu ni rahisi. Ruta ikijibu vizuri usiku, lakini kile kituo cha kampuni kikapanda kutoka milisekunde 5 mchana hadi 80 au 150 usiku, au kati ya ping 100 zikapotea 4 au 5, tundu dogo liko kati ya nyumba yako na kituo hicho. Hapo ni jengo lenu au njia inayolilisha. Kituo cha kampuni kikiwa kizuri, seva ya Nairobi ikawa nzuri, lakini ya nje ndiyo inayosuasua, basi kampuni imebana njia yake ya kimataifa. Kwa simu za Muscat hilo ndilo lingekuumiza.

Pengine watakwambia ni "nyaya za baharini". Nyaya hizo hukatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikayumba. Ila hitilafu ya baharini haipumziki mchana ikarudi saa 1 usiku, na haibagui jengo moja la Bamburi ikaacha la pili yake. Uliza jirani aliye kwenye kampuni nyingine. Kwake kukiwa sawa, sababu hiyo haina mashiko.

Kabla hujaandika malalamiko, jua video inahitaji nini, usije ukadai kitu kisichotibu ugonjwa. Simu ya video ya watu wawili kwa picha safi ya kawaida hutumia kama Mbps 1.2 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Mbps 3 iliyotulia ingekutosha kufundisha. Kinachokukata sauti zaidi ni pakiti zinazopotea na majibu yanayopanda na kushuka. Kwa hiyo kwenye malalamiko yako weka mbele ile idadi ya ping zilizopotea kuliko kasi. Mtu wa huduma kwa wateja atakuuliza kama umezima ruta, lakini mhandisi akiona "kituo cha pili, 5 kati ya 100 zimepotea, saa 3 usiku, siku 6 kati ya 7" hana pa kukimbilia.

Andika, usipige simu. Au piga, kisha andika yale yale kwa barua pepe siku hiyo hiyo na udai nambari ya malalamiko. Maneno yawe kama haya:

"Akaunti nambari …, jengo …, nyumba …. Nalipia kifurushi cha faiba cha Mbps 20 kwa shilingi 3,000. Tangu tarehe … hadi … nimepima kwa waya, mara 3 kwa siku. Wastani wa saa 9 mchana ni Mbps …, wa saa 3 usiku ni Mbps …. Ruta inajibu kwa milisekunde 1 bila kupoteza pakiti, kituo chenu cha kwanza kinapoteza … kati ya 100 usiku. Picha za vipimo vyote zimeambatishwa. Naomba (1) hitilafu irekebishwe ndani ya siku 14, (2) nijibiwe kwa maandishi jengo letu linalishwa na njia ya Mbps ngapi, na wateja wangapi wanaigawana, (3) siku 6 za Machi nilizokosa huduma, malalamiko nambari …, ziongezwe kwenye kifurushi changu."

Ombi la 2 ndilo litakalowasumbua, na usiliondoe hata wakikupigia kukubembeleza. Kampuni ikiongeza njia ya jengo kutoka Mbps 100 hadi 1,000, nyumba 24 zote zinapona kwa siku moja. Ikikunyamazisha wewe peke yako kwa kukuongezea kasi ya kifurushi, haijabadilisha kitu. Mbps 40 kwenye bomba lile lile lililojaa bado ni 3 usiku. Wakikushauri upande kifurushi cha juu ili tatizo liishe, kataa hadi wakujibu ombi la 2.

Kuhusu zile siku 6, hesabu ni fupi. 3,000 kugawa kwa 30 ni shilingi 100 kwa siku, jumla 600. Usishikilie kurudishiwa pesa taslimu, omba siku, ni rahisi kwao na utazipata mapema. Mara nyingi siku hizo hazirudi zenyewe kwa sababu mfumo wa malipo huhesabu siku 30 za kalenda tangu ulipolipa, na haujui kwamba kule kwenye malalamiko umeandikwa huna huduma. Asiyeomba haongezewi. Na kitu kimoja cha kukumbuka kwa siku zijazo: kifurushi kikiisha huduma ikiwa bado imekatika, usilipe kipya hadi taa ziwake, la sivyo siku mpya zinaanza kuhesabiwa gizani. Ila fungua malalamiko kabla hakijaisha, maana kampuni nyingine hazitumi fundi kwa akaunti iliyokwisha muda.

Ile 1,500 ya fundi inatuuma kuliko 600. Kifaa cha ngazini si chako. Kinahudumia nyumba 24, na kama si cha kampuni basi ni cha mwenye nyumba. Yaliyo juu yako ni yale uliyoyaharibu mwenyewe ndani, kama waya uliotafunwa na panya au uliokatwa na mpaka rangi. Kilichoungua kwenye kisanduku cha aina hiyo mara nyingi ni adapta ya swichi, kijitu cha volti 12 ambacho stima ikiruka hukiua kwanza. Wakati mwingine hata hakijaungua, ni tokeni ya mita ya ngazi iliyoisha na swichi imezimika. Huduma ikikatika kwa jengo zima kwa mpigo mmoja, tazama kwanza kama taa za ngazini zinawaka. Ujumbe wa M-Pesa wa siku ile bado unao kwenye simu. Uambatishe kwenye malalamiko yako, ukiuliza kama malipo yale yameandikwa kwenye akaunti yako na kama fundi aliruhusiwa kuyapokea. Kuanzia sasa hela za kampuni ziende kwenye Paybill ya kampuni, basi. Fundi akisema bila kulipwa hafanyi, mwombe aandike hivyo kwenye karatasi ya kazi.

Na 500 ya bei mpya usiilipe. Ulilipa bei iliyokuwepo, wakaipokea, na mwezi huo umeuziwa kwa 3,000. Bei mpya inaanza utakapolipa tena, kama utaamua kulipa. Wakipunguza kasi katikati ya mwezi uliokwisha kulipiwa, vipimo vyako vya kila siku ndivyo ushahidi.

Siku 14 zikipita bila jibu la maana, peleka faili lote kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Jambo la kwanza watakalotaka kujua ni kama ulianza kwa kampuni na malalamiko yako ni nambari ngapi, ndiyo maana tumesisitiza maandishi. Kanuni za Ulinzi wa Watumiaji za 2010, zilizowekwa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, zinampa mteja haki ya kupewa maelezo ya kweli ya bei na huduma, na kulindwa dhidi ya matangazo ya kupotosha. Kifungu cha 46 cha Katiba kimekwenda mbali zaidi. Kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya taarifa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Tangazo la "faiba" kwenye jengo linalolishwa kwa redio au kwa njia isiyotosha, unaweza pia kulipeleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Kabla ya yote hayo, angalia kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mawasiliano kama jina la kampuni yako liko kwenye orodha ya wenye leseni. Tafuta jina lililoandikwa kwenye risiti ya M-Pesa. Mitaani kuna watu wanaonunua njia moja ya biashara na kuigawa kwa majengo bila leseni. Ukigundua ni hao, malalamiko yanakuwa ya aina nyingine, na kwa siku 6 zako usitarajie mengi.

Mahakama ya Madai Madogo ipo Mombasa. Kwa sheria ya 2016, kama ilivyorekebishwa 2020, inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Kwa 600 na 1,500 hatukushauri uende, utatumia zaidi ya unachodai. Ukipoteza wanafunzi na una maandishi ya kuonyesha walijiondoa kwa sababu ya intaneti, hapo hesabu inabadilika.

Kwa mwenye nyumba, usiende peke yako. Nyumba 24 kwa shilingi 3,000 ni 72,000 kila mwezi zinazotoka katika jengo lake kwenda kwa kampuni moja. Kusanya majirani wenye vipimo kama vyako, hata 10 wanatosha, mwandike barua moja. Msimwambie "tunataka kampuni nyingine" halafu basi. Mwambieni itakachohitaji kampuni ya pili: bomba moja la milimita 20 kupanda ngazini, kisanduku kidogo kila ghorofa, na tundu moja dogo la kuingilia kila nyumba, mafundi wafunike na kupaka rangi kabla ya kuondoka. Hofu yake aliyoitaja ni kuta, basi mjibuni kuhusu kuta. Muulizeni pia kwa heshima kama ana mkataba na kampuni ya sasa unaomzuia kuleta nyingine, na unaisha lini. Akisema upo, hilo nalo ni la kuulizia kwa Mamlaka ya Ushindani, kwa sababu mikataba inayofungia wengine mlango ndiyo kazi yake.

Huku ukisubiri, una madarasa ya wiki hii. Chomeka kompyuta kwa waya, shusha ubora wa picha ndani ya programu ya video, na watoto wasitazame sinema saa ya somo. Weka bando la simu la akiba. Saa moja ya video ya kawaida, kwenda na kurudi, hula kama GB 1. Ukifikiria ruta ya 4G au 5G badala ya waya, usinunue kwa kipimo cha dukani mchana. Weka laini ya kampuni hiyo kwenye simu yako, simama kwenye dirisha utakapoiweka ruta, upime saa 3 usiku kwa siku 3. Mnara nao hugawanwa, na usiku una msongamano wake. Setilaiti pia hugawanwa. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani mnamo Novemba 2024 kwa kuwa uwezo ulikuwa umejaa. Kwako ingehitaji nafasi paani penye anga wazi, na hapo tunarudi kwa mwenye nyumba.

Siku utakayohama, kwa kuwa unalipa mwezi kwa mwezi, huna haja ya kuomba ruhusa. Usilipe tu mwezi unaofuata. Lakini kwanza tafuta fomu uliyotia sahihi siku ya kuunganishwa, utazame kama ulikubali kukaa miezi 12 au 24 kwa kusamehewa gharama ya kuunganishwa. Ruta mara nyingi hubaki mali ya kampuni. Piga picha ya nambari iliyo kwenye kibandiko chake, uirudishe pamoja na adapta yake, na usiiachilie mkononi hadi upewe karatasi yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea.